Kati ya Kihispania na Kiswidi

Kiswahili hakimo. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo Debian 13 humwambia mtu anayeisakinisha, kabla hata ya kumuuliza jina lake. Skrini ya kwanza ya kisakinishi ni orodha ya lugha, na imepangwa kwa alfabeti ya Kiingereza. Unashuka taratibu: Kislovenia, Kihispania, Kiswidi. Hapo kati ya Kihispania na Kiswidi ndipo tungekaa sisi. Hakuna pengo, hakuna alama kwamba kuna mgeni anayesubiriwa. Orodha inaendelea tu, hadi Kivietinamu na Kiwelisi. Kisami cha Kaskazini, ambacho wasemaji wake huko Skandinavia ni makumi machache ya maelfu, kimo. Kikabyle cha Algeria kimo. Sisi tunaojisifu kila mwaka tarehe 7 Julai kwamba tuko mamilioni kwa mamilioni, hatumo.

Wala sikuja kuiponda. Nimeijaribu Debian 13 hapa Kiboko, katika saiba moja kando ya barabara, na naweza kusema bila kusita kwamba kwa kompyuta tulizo nazo sisi, na kwa mifuko tuliyo nayo, sijui mfumo endeshi mwingine ninaoweza kumpendekezea mtu kwa dhamiri safi hivi. Ndiyo maana ukimya wake unauma. Ukinyimwa chakula kwa jirani usiyempenda hulalamiki.

Kwa asiyepajua, Kiboko ni kituo kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, kaunti ya Makueni, muda mfupi kabla ya Makindu ukitoka upande wa Nairobi. Malori hulala hapa. Kuna kituo cha utafiti cha KALRO, ambako mtama, mbaazi na mahindi hupimwa kama yataweza kuvumilia ukame wetu. Na kuna saiba, ambazo ndizo ofisi halisi za serikali kwa mwananchi wa kawaida: hapo ndipo watu hujaza fomu za eCitizen na za ushuru wa KRA, huomba mkopo wa HELB, huchapa CV na, zaidi ya yote, huchapa ratiba za mazishi. Mwenye saiba niliyoitumia ni mama wa makamo, na kompyuta zake ni 5. Zote ni mitumba: zilimaliza utumishi wao katika ofisi za Ulaya, zikaletwa huku kuanza maisha ya pili.

Maisha hayo ya pili yaliingia mashakani tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Anayejiandikisha hupata mwaka mmoja wa nyongeza, basi. Windows 11 nayo inataka kompyuta iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, isipokuwa chache, inataka prosesa ya kizazi cha 8 kuja juu. Kompyuta za huyu mama hazifiki hapo hata kwa kusukumwa. Hazijaharibika. Zinawaka, zinachapa, zinalipia karo. Ni kwamba mtu mahali fulani ameamua ni nzee.

Debian haina mwenyewe wa kuamua hivyo peke yake. Ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mpenzi wake Debra na la kwake, na tangu hapo imeendeshwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Haiuzwi. Matoleo yake hupewa majina ya vinyago vya filamu ya Toy Story, na hili la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, linaitwa trixie, yule dinosaria wa buluu mwenye pembe. Picha ya eneokazi, iliyochorwa na Elise Couper, inaitwa Ceratopsian kwa heshima ya ukoo wa dinosaria huyo. Kijana anayemsaidia mama kazini aliitazama akauliza kama ni kifaru. Katika mji ulioitwa kwa jina la kiboko, swali hilo ni halali kabisa.

Diski nzima ya usakinishaji ina uzito wa karibu gigabaiti 4. Kwa anayelipia bando, hiyo si kazi ya kurudiarudia, na ukichukua kisakinishi kidogo, kile kisichofika gigabaiti 1, mengine yote kitayavuta mtandaoni kwa bando lilelile. Nilipakua ile kubwa mara moja, nikaiweka kwenye flashi, na flashi hiyo moja ikahudumia mashine 4. Nilipoichomoa kwenye ya kwanza na kuichomeka kwenye ya pili, mama alishusha sauti.

“Mwalimu, na wenyewe wakijua?”

“Wenyewe ndio wamesema tugawane, mama.”

“Tugawane tu hivyo?”

“Hivyo hivyo. Hata ukitaka umpelekee jirani.”

Swali lake lilikuwa na historia. Katika miji yetu kunakili programu kumekuwa jambo la kunong'onezana, la kufunga mlango nusu. Na yale maandishi hafifu kwenye pembe ya skrini yanayokudai uiwashe Windows kwa ufunguo halali, tumeyazoea kama nzi. Aliyeelewa haraka ni mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kuchapiwa barua ya chifu. “Kumbe ni kama mbegu,” akasema. Na Ukambani huwezi kusema hivyo mwaka huu bila kila mtu kujua unazungumzia nini. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilikuwa imemweka mkulima katika hatari ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, hata zile alizorithi kwa nyanya yake. Wakulima wadogo 15 walikwenda kortini, na mwishoni mwa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikavitupa vifungu hivyo kwamba vinakiuka katiba. Mzee aliona bila kufundishwa kwamba leseni ya programu huria inasema jambo hilohilo: chukua, panda, mpe jirani, na ukiweza, chagua punje bora uiboreshe. Sijasoma makala ya teknolojia iliyolieleza vizuri hivyo.

Sasa, utendaji wake. Nilichagua eneokazi la Xfce 4.20, jepesi, kwa sababu mashine zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Ikishawaka, kabla hujafungua chochote, haimezi hata gigabaiti 1. Firefox inafungua eCitizen bila kelele, LibreOffice 25.2 inafungua zile ratiba za mazishi za zamani, ingawa fremu za maua zilisogea kidogo na ikabidi kuzirudisha kwa mkono. Waifai ilishika yenyewe. Kwa waliowahi kuhangaika na Debian za zamani, hilo si dogo. Zamani walikataa katakata kuweka kwenye diski rasmi vile vijiprogramu vya vifaa ambavyo msimbo wake umefichwa na makampuni. Mwaka 2022 wanachama wakapiga kura, na tangu toleo la 12 vimo. Wapo waliosikitika kwamba usafi umechafuliwa. Mimi nasema usafi unaomwacha mtu wa Kiboko bila mtandao ni usafi wa aliye na waya wa faiba nyumbani.

Mashine ya 5 ndiyo iliyobaki nje. Ni ya biti 32, na Debian 13 haitoi tena kisakinishi cha mashine za aina hiyo. Hiyo imepewa Debian 12, ambayo itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi Juni 2028. Baada ya hapo, kijana anasema ataigeuza kabati la panya.

Basi turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo toleo hili linapostahili kusomwa kama tunavyosoma kitabu, kwa kuuliza linamzungumzia nani.

Umekikosa Kiswahili, unachagua Kiingereza. Skrini inayofuata inauliza uko wapi. Unapitia Afrika, unafika Kenya. Kisha linatokea jambo la kuchekesha ambalo ukilifikiria mara ya pili halichekeshi. Kisakinishi kinakujibu kwamba muungano wa Kiingereza na Kenya haukijui, kwa hivyo uchague nchi nyingine ya kuazima desturi zake za tarehe na fedha: Botswana, Nigeria, Shelisheli, Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe, au Uingereza yenyewe na Marekani. Mkenya hana budi kujifanya Mzambia ili kompyuta yake ianze kazi. Ukiazima Uingereza, hesabu ya chama itakuja na alama ya pauni mpaka uirekebishe.

Kinaya ni kwamba Kenya imo, na imo kwa Kiswahili! Ndani kabisa, katika maktaba ya msingi ya mfumo, kuna faili iitwayo sw_KE ambayo imekaa humo kwa miaka mingi, ikiwa na Jumapili, Jumatatu, Januari na vingine vyote. Mtu aliketi akaiandika. Ukishamaliza kusakinisha na ukajua amri, unaweza kuiamsha, na kweli siku zikageuka Kiswahili. Lakini menyu, kwa sehemu kubwa, zilibaki Kiingereza, kwa hivyo unapata eneokazi linalokuambia ni Alhamisi halafu linanyamaza. Kibodi hali kadhalika. Kwenye orodha ya mipangilio ya kibodi kuna ya Kiswahili cha Kenya na kuna ya Kikuyu. Kikamba hakina yake. Lakini kwa kuwa Kikamba nacho huandikwa kwa ĩ na ũ, Mkamba anayetaka kuandika lugha ya mamake vizuri hupita kwa kibodi ya Mkikuyu. Kijana wa saiba alilipokea hilo kwa mguno ambao siwezi kuutafsiri.

Haikuwa hivi siku zote, au tuseme haikukusudiwa kuwa hivi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ndogo ya Wasweden (ndiyo, hao hao tuliopaswa kukaa nao jirani kwenye orodha), kiliendesha mradi wa Kilinux na mwezi Desemba kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mwaka huohuo, Oktoba, ndipo ilipotoka Ubuntu ya kwanza, mfumo uliojengwa juu ya Debian na kupewa jina ambalo Mkamba hulisikia bila kamusi, kwa kuwa mtu kwake ni mundu. Ungedhani huo ulikuwa mwanzo wa shamba kubwa. Lakini tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya riwaya, ambayo ukishaichapa imechapwa. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, vitufe vipya, maonyo mapya, na tafsiri isiyotunzwa hukauka kama mbaazi iliyoachwa bila palizi. Mradi huisha. Programu haiishi.

Wakati huohuo, simu ya kijana wa saiba ina “Mipangilio”, ina “Nenosiri”, ina “Ghairi”. Android inazungumza Kiswahili, tena si kibaya. Windows yenyewe ina Kiswahili kwa anayekitafuta. Yaani mifumo ya makampuni imejifunza lugha yetu. Ile ambayo ni yetu kwa sheria haijajifunza. Sababu si ya siri. Kampuni ilihesabu wateja, ikalipa watafsiri. Debian haina wateja. Ina mkataba, Mkataba wa Kijamii wa mwaka 1997, unaotamka kwamba watumiaji na programu huria ndio kipaumbele chake. Ni waraka mzuri na nauheshimu. Lakini mtumiaji anayehesabika katika mfumo wa kujitolea ni yule anayeweza kujitolea: aliye na umeme usiokatika, mtandao wa kukaa, Kiingereza cha kuandikia barua pepe, na jioni zisizo na kibarua cha pili. Mlango uko wazi, ni kweli, na anayepita ni mwenye nauli.

Hapo nimewalaumu wao. Na sisi je? Tumetumia miaka mingapi kubishana kama chombo hiki ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Watoto wetu wanakariri kipakatalishi, puku na baobonye kwa ajili ya mtihani, wakitoka nje ya darasa hawayaoni popote, kwa sababu mahali pa maneno hayo kuishi ni kwenye skrini na skrini hatukuiandika. Idara za Kiswahili zipo, makongamano yapo, tisheti za makongamano zipo. Jina letu kwenye ile orodha halihitaji kibali cha mtu. Linahitaji watu kadhaa wakae chini na faili, waijaze, na wairudie kila toleo.

Na kazi yenyewe ni ya fasihi kuliko wanavyodhani mafundi. Chukua ujumbe mfupi kabisa, ule unaosema kitu kimefutwa. Mwandishi wa programu Mwingereza huandika sentensi moja yenye tundu katikati, na jina lolote litakalodondoka tunduni litafaa, kwa sababu kitenzi chake hakiulizi. Chetu kinauliza. Faili imefutwa, kiungo kimefutwa, jedwali limefutwa, waraka umefutwa. Mtafsiri anaona tundu tu. Hajui ni ngeli gani itakayoingia. Njia moja ni kukwepa, uandike “Umefuta” kisha jina, na ghafla mashine inamnyooshea mtumiaji kidole kana kwamba amekosa. Njia nyingine ni kuweka neno “kitu” mbele ya kila jina, uzungumze kama karani wa mahakama. Nimeona tafsiri za simu zinazoegemea ya kwanza, na ndiyo maana mara nyingine simu zetu zinasikika kama zinatusuta. Haya ni maamuzi ya sauti na ya hadhi, yaleyale anayoyafanya mwandishi wa hadithi anapoamua msimulizi wake amwite msomaji nani. Kompyuta haiwezi kuyafanya, na mtaalamu wa kompyuta peke yake asiachiwe.

Kikagua tahajia kinaonyesha tatizo hilo kwa upande wa pili. Kwenye hazina ya Debian kuna kifurushi cha tahajia ya Kiswahili, na nilikiweka. Majina ya kawaida kinayajua vizuri. Lakini vitenzi virefu vilivyopakiwa viambishi, ambavyo ndivyo lugha yenyewe, kiliviwekea mistari myekundu mingi mno, mpaka ratiba ya mazishi ikaonekana kama daftari la mwanafunzi mzembe. Mama aliniomba nikizime. Nilikizima.

Tumeanza, kwa ukubwa wetu, na karatasi. Mimi, mama, kijana, na yeyote anayesubiri kuchapiwa, tunaandika maneno ya vitufe ambavyo wateja hubonyeza kila siku, hayafiki 40. Hilo la kuweka kazi isipotee nilipendekeza “Hifadhi”, kama simu zinavyosema. Mama akacheka: Hifadhi si ni kule kwa wanyama, Chyulu? Tukaandika “Weka”. “Nenosiri” limepita bila upinzani, na “nywila” imepata kura moja, yangu. Kwa “Futa” kijana aliuliza litatofautianaje na kufuta vumbi kwenye skrini, tukaliacha hivyohivyo. Kitufe cha kuacha jambo ulilolianza ndicho kinachotuchelewesha. Mimi nashikilia “Ghairi”, kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyebadili nia, na ndicho hasa kinachotokea. Mama anasema tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu ghairi, na mteja wake akiliona ataita fundi. Anataka “Wacha”. Nimemwambia Watanzania wataandika “Acha”. Amesema waandike, yao iko Tanzania.